Je, Wajua? Mlango Mwembamba wa Uhandisi Guangzhou

Mwanafunzi wa stashahada mjini Guangzhou, hata akiwa wa kwanza darasani, kwa kawaida hawezi kuhamia Chuo Kikuu cha Teknolojia cha China Kusini, kinara wa uhandisi mjini humo. Tangu 2006 serikali imevitaka vyuo vikuu teule vya taifa, kikiwemo hicho, visipokee uhamisho huo.

Iliyobaki ni njia ya mtihani wa jimbo la Guangdong, zhuanchaben. Wanaosomea uhandisi hupimwa siasa, Kiingereza, hisabati ya juu na somo la fani. Kujiandaa kwa yote hayo huku ukimaliza mwaka wa mwisho wa stashahada ni kazi nzito, na wanaoiweza wanastahili heshima. Anayefaulu huingia moja kwa moja mwaka wa 3 wa shahada, katika vyuo kama Chuo Kikuu cha Ualimu wa Ufundi cha Guangdong. Hubakiza miaka 2.

La ajabu zaidi: mwenye stashahada akikaa miaka 2 baada ya kuhitimu, kanuni za taifa zinamruhusu kufanya mtihani wa kuingia uzamili, bila shahada ya kwanza! Vyuo teule navyo hutumia mtihani huo, ingawa kila chuo huweza kuongeza masharti yake.