Vijidudu Vifananavyo na vya Kifua Kikuu

Tangu Robert Koch alipowatangazia wataalamu wenziwe mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba amekigundua kijidudu kiletacho kifua kikuu, imekuwa ada kudhani kwamba mtu akohoaye kwa miezi huku akikonda, na makohozi yake yakaonyesha chini ya hadubini vile vijiti vyekundu, basi maradhi yake yamekwisha kujulikana. Aghalabu ndivyo ilivyo katika nchi zetu. Lakini wako ndugu wa kijidudu kile, zaidi ya aina 190, washikao rangi ile ile na kuonekana vivyo hivyo, ilhali tabia zao ni nyingine na tiba yao nyingine.

Maskani yao ni udongo na maji. Hujitandaza katika utando unaoteleza ndani ya mabomba na matangi, na kwa kuwa ngozi yao ina nta, klorini itiwayo majini haiwaui kwa wepesi. Sote huwavuta na kuwanywa, na walio wengi hawadhuriki. Wadhurikao ni wale ambao mapafu yao yalikwisha kuharibika: wenye mirija ya hewa iliyotanuka, wavutaji tumbaku wa miaka mingi, wachimba migodi waliovuta vumbi la mawe, na, jambo litugusalo zaidi sisi, watu waliopona kifua kikuu wakabakiwa na makovu na mashimo kifuani.

Mtu wa namna hii arudipo hospitali akikohoa, dhana ya kwanza ni kwamba kifua kikuu kimemrudia; na akimeza dawa asipate nafuu, husemwa kwamba hakuzimeza, au kwamba amepatwa na kifua kikuu sugu. Kwangu mimi hii ni dhuluma, ijapokuwa haikukusudiwa, maana mgonjwa mwaminifu hulaumiwa kwa uzembe asioufanya, na pengine hutengwa na watoto wake kwa maradhi ambayo kwa kawaida hayaambukizi mtu kwa mtu.

Kipimo cha GeneXpert, kilichoenea sasa katika Afrika Mashariki, hutafuta vijidudu vya kifua kikuu tu. Kwa hiyo hadubini ikiona vijiti na kipimo hicho kisione kitu, hapo pana haja ya kuwashuku ndugu hawa. Yakini hupatikana kwa kuotesha makohozi katika maabara na kuitambua aina. Na kwa kuwa kijidudu cha majini huweza kuingia katika makohozi kwa bahati tu, hutakiwa kionekane walau katika makohozi mawili yaliyotolewa nyakati mbalimbali, na dalili pamoja na picha ya kifua ziafikiane nacho.

Tiba ni ndefu. Kwa aina iitwayo avium, iliyo mashuhuri kuliko zote, hutolewa azithromaisini, ethambutoli na rifampisini kwa pamoja, mpaka itimie miezi 12 tangu makohozi yalipotakata; aina ya abscessus ni shupavu zaidi, na dawa nyingi haziiwezi. Wako pia wagonjwa ambao maradhi yao ni mepesi, na tabibu huona bora kuwaangalia kwanza pasipo dawa.

Basi wewe uliyemeza dawa za kifua kikuu kwa uaminifu, na vijiti vingali vikionekana, mwombe tabibu wako makohozi yaoteshwe na aina itajwe, kabla hujaanzishiwa dawa nyingine.