Kitambi Si Uvivu, Mtaa Ndio Imepangwa Hivyo

Wasee wangu wa mtaa, tuongee ukweli. Mtu akinona, kila mtu ako na jibu ya haraka: "Huyo anapenda dishi sana." Hiyo story naikataa. Mwili ya mtu inabeba doh yenye anapata, masaa yenye analala na mtaa yenye anaishi.

Anza na namba. Utafiti wa Afya na Demografia wa Kenya wa 2022 ulipata kwamba kati ya madem wa miaka 20 hadi 49, asilimia 45 wako na uzito kupita kiasi ama wamenona kupindukia. Utafiti huo huo ukapata asilimia 18 ya watoi chini ya miaka 5 wamedumaa. Zisome pamoja. Unaweza pata keja moja mathee amenona na mtoi wake hajakua vile anafaa. Hiyo si shibe. Ni dishi ya kujaza tumbo bila kujenga mwili.

Cheki siku ya msee wa Githurai mwenye anachapa job Indasii. Anatoka keja kukiwa giza, anadandia mat, breko ni chai ya sukari mob na mandazi. Lanchi ni smokie pasua ya steji, juu mapumziko ni fupi. Akirudi usiku amechoka mbaya. Achemshe maharagwe masaa mawili na gesi inaisha? Zii. Chipo iko hapo nje, moto, imetoka kwa mafuta ya tangu asubuhi, na soda baridi kando. Njaa imeisha. Huyo msee hajakosa akili. Amenunua kile masaa na chapaa yake inafikia.

Alafu kuna heshima. Buda akitoa kitambi, mtaa inasema ameomoka. Mresh akikonda kidogo, maswali zinaanza: ni mgonjwa? Bwana anamtesa? Wenye walikuwa hapa miaka ya 90 wanakumbuka vile UKIMWI ilimaliza watu, mpaka kukonda ikakuwa kitu ya kuogopwa. Na kupiga mguu tumeiita kusota; ukishika kadoh kidogo, unapanda nduthi hata kwenda duka ya hapo mbele.

Na mbona madem ndio wengi? Kwa wanaume namba iko chini ya nusu ya hiyo ya madem. Sande machali wako fildi wanapiga boli, masista wao wameinamia karai, wanafua na kupika. Jioni dem akitaka kukimbia, njia haina taa na anaogopa kuibiwa ama kushikwa-shikwa. Na hizo fildi zenyewe zinazidi kuliwa na ploti.

Bili inakam baadaye. Sukari na presha zinashika watu wakiwa bado wanahasoli, na dawa zake ni za kila siku. Doh ya fees na rent inaishia famasi.

Form ni hii. Kwanza, tuwache kuita watu majina. Matusi haijawahi punguzia mtu hata kilo moja. Kuna mathee mtaani anauza madondo na githeri zimechemshwa tayari, anapima na kikombe. Mpromoti huyo, juu ameshakulipia gesi na masaa. Ongeza sukuma ama managu kando, soda uiwache dukani. Madem wakitaka kutembea jioni, watoke kama mbogi. Machali, Sande mshike karai pia, masista wapate masaa ya fildi.

Na 2027 wanasiasa wakikam kuomba kura, msikubali tisheti na unga peke yake. Waulizeni: fildi yetu iko wapi, taa zitawaka lini, na njia ya kutembea kwa mguu itajengwa lini? Mwenye hana jibu, msimpee kura.