Umepata alama ndogo kwenye majaribio ya GMAT? Usikimbilie jaribio jengine

Wapo vijana wetu, wengine wakifanya kazi benki, wengine bandarini na mahotelini, wanaoomba nafasi za shahada ya uzamili ya biashara ng'ambo. Kizingiti kimoja ni GMAT, mtihani unaokubaliwa na vyuo kama London Business School na INSEAD ya Ufaransa. Kijana hufungua kompyuta usiku baada ya kazi, akafanya mtihani wa majaribio, ikatoka 485. Keshoye afanya mwengine, 475. Wiki ya pili ashaanza kuwaambia watu kuwa mambo haya si ya watu wa huku. Ada ya mtihani wenyewe ni mamia ya dola na ufadhili una tarehe yake ya mwisho, kwa hivyo kuvunjika moyo kwa nambari ambayo hukuisoma vizuri ni hasara.

Tuanze na hiyo nambari. GMAT ya sasa ilianza Novemba 2023, na ile ya zamani ikafungwa mwisho wa Januari 2024. Alama za sasa ni kuanzia 205 hadi 805, zote huishia kwa 5. Za zamani zilikuwa 200 hadi 800. Kwa macho zafanana, lakini hazilingani: 645 ya leo inakaribiana na 700 ya zamani. Binamu yako aliyeufanya mwaka 2015 akikwambia chini ya 700 usijisumbue, anakupimia kwa pishi ambayo haiko tena sokoni. Tahadhari pia na vile vitabu vinavyopitishwa kwenye magrupu ya WhatsApp. Vingi ni vya mtihani wa zamani, vimejaa insha, kusahihisha sentensi na jiometri, na vyote hivyo vimeondolewa.

Sasa turudi kwenye 485. Kabla ya kugusa jaribio jengine, chukua kila swali ulilokosa ulifanye upya bila saa na bila kutazama jibu. Ukilipata, basi ujuzi unao. Kilichokuangusha ni haraka au kusoma vibaya. Ukilikosa tena, hapo kuna somo hulijui, na dawa yake ni kurudi kwenye asilimia, uwiano na aljebra ya kidato cha pili. Andika sababu kwenye daftari, kwa maneno yako. "Nilikosea" si sababu. "Niliulizwa asilimia ya ongezeko nikahesabu asilimia ya jumla" ndiyo sababu. Baada ya maswali arubaini hivi utaona makosa yale yale yanajirudia, na hapo ndipo pa kuanzia.

Sehemu inayowashangaza wengi ni ile ya takwimu, kwa sababu ina maswali ambayo KCSE haikutuzoesha. Tuseme hivi: mchuuzi amenunua changu na tafi, je, changu ni kilo ngapi? Taarifa ya kwanza: samaki wote ni kilo 30. Taarifa ya pili: uzito wa changu ni maradufu ya uzito wa tafi. Hutakiwi kutaja kilo 20. Unatakiwa kusema tu kama taarifa zatosha, nayo jibu ni kuwa kila moja peke yake haitoshi, zikiwa pamoja zatosha. Anayekaa kutafuta 20 amelipata swali lakini amepoteza dakika ya swali linalofuata.

Kwenye sehemu ya lugha, tatizo la wengi si Kiingereza. Swali husema: hoteli za Malindi zilitangaza kwa wingi, wageni wakaongezeka, kwa hivyo tangazo ndilo lililoleta wageni, ni jambo gani linadhoofisha hoja hii? Mtu wa Malindi huchagua jibu la barabara mbovu, maana anaijua. Ni kweli, lakini haligusi hoja. Linaloigusa ni kwamba mwezi huo huo nauli za ndege zilishuka. Hapo kuujua mji kupita kiasi ni mtego, kwani hoja hupimwa kwa yaliyoandikwa tu.

Kisha kuna saa. Hesabu ni maswali 21, lugha 23, takwimu 20, kila sehemu dakika 45. Ni kama dakika mbili kwa swali. Kikokotoo kinaruhusiwa kwenye takwimu tu. Kuacha maswali bila jibu mwishoni hukuumiza, kwa hivyo swali lililokushinda baada ya dakika tatu libahatishe, uliwekee alama, uendelee. Muda ukibaki unaweza kubadilisha majibu hadi matatu katika kila sehemu. Na ukiona maswali yanazidi ugumu usibabaike. Mtihani huu hupanda unapofanya vizuri, basi kuhisi unazama huenda ni dalili njema.

Majaribio mawili rasmi hutolewa bure na GMAC, wenye mtihani, kwenye tovuti ya mba.com. Yatumie kwa uchoyo. La kwanza la kujipima, la pili baada ya wiki kadhaa za kazi ya daftari, ukikaa mfululizo kwa saa mbili na robo, simu ikiwa chumba chengine. Majaribio ya makampuni ya masomo ni mazoezi mazuri, lakini alama zao sizitegemei sana.

Mtihani halisi ukikuendea vibaya, waruhusiwa kurudia baada ya siku 16, mara tano kwa miezi 12, na alama hudumu miaka mitano. Kwa hivyo chuo kikifunga maombi Januari, weka tarehe yako ya kwanza Oktoba, ili Novemba ikubakie ya kurudia.