Nguo Itokayo Mtini

Mti ukichunwa gome kuzunguka shina lote, kwa kawaida hufa. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia tabaka la ndani la gome. Njia hiyo ikikatwa, mizizi hukosa chakula. Hata hivyo, huko Buganda, nchini Uganda, mafundi huchuna gome la mutuba (Ficus natalensis) wakatengeneza nguo, na mti uleule huchunwa mara nyingi maishani mwake. Yawezekanaje?

Kwanza, kazi hufanywa wakati wa mvua. Msimu huo kambiamu, yaani tabaka jembamba la seli zinazogawanyika lililo kati ya gome na mbao, hukua kwa kasi, na gome huachana na shina bila kuijeruhi mbao. Pili, shina lililobaki wazi hufungwa kwa majani ya mgomba. Unyevu ukihifadhiwa, seli changa zilizosalia juu ya mbao huendelea kugawanyika na kufanyiza gome jipya. Zikikauka, hufa, na mti huwa hatarini.

Gome la ndani hupondwapondwa kwa nyundo za mbao zenye mifuo. Hapana kusokota wala kufuma: nyuzi zilizokwisha kushikamana ndani ya gome hulainika na kutanuka, hata kipande chembamba kikawa shuka pana. Kazi hiyo hufanyiwa bandani ili gome lisikauke upesi mno. Mwishowe nguo huanikwa juani, ikapata rangi ya udongo mwekundu. Zile za wafalme na machifu zilitiwa rangi nyeupe au nyeusi.

Nguo za pamba zilipoletwa na misafara ya wafanyabiashara katika karne ya 19, ufundi huu ulififia, ukabaki hasa kwa ajili ya mazishi, matambiko na kutawazwa kwa watawala. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa wanadamu wote. Siku hizi wasanii huitumia nguo hiyo kwa picha, mapambo na mavazi.

Walimu waweza kuonyesha msingi wa jambo hili shuleni. Ondoa pete ya gome katika kitawi kimoja cha mti, kisha wanafunzi wakichunguze kwa majuma kadhaa. Sehemu iliyo juu ya pete itavimba, kwa kuwa chakula kimezuiliwa hapo. Ndipo watakapofahamu kwa nini jani la mgomba ni chombo cha lazima kwa fundi, sawa na nyundo yake.