UFUNGUO ULIOVUNJIKIA NDANI YA KUFULI

  Mliosikiliza somo hili redioni, sasa mnaweza kulisoma polepole, mstari kwa mstari. Anayesoma vizuri na amsaidie jirani yake.

Kabla hatujaanza, toa ufunguo wako wa nyumba. Utoe mfukoni, au uufungue katika pindo la kanga, uuweke mezani mbele yako. Leo tutajifunza la kufanya siku ufunguo huo utakapovunjika, na nusu yake ikabaki ndani ya kufuli au kitasa. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku linapokukuta mlangoni, usiku unaingia na mvua inanyesha.

KWANZA: JE, YUKO MTU NDANI?

Neno la kwanza si la ufunguo. Ni la watu. Ufunguo ukivunjika, jiulize: Je, kuna mtoto aliyelala ndani? Kuna mgonjwa asiyeweza kuinuka? Kuna jiko linalowaka?

Kama jibu ni ndiyo, usianze kuchokoa kufuli. Ita majirani kwa sauti kubwa, mvunje mara moja. Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, nayo huweza kumwua mtu usingizini. Moto nao haumngoji fundi. Mlango hununuliwa mwingine, mtoto hanunuliwi.

Mvunje wapi? Msipoteze wakati kulipiga kufuli lenyewe, maana hapo ndipo penye chuma kigumu. Tazameni vile vyuma viwili vilivyoshikwa na kufuli: kimoja kiko mlangoni, na kimoja kiko kwenye mwimo. Mara nyingi vimeshikizwa kwenye mbao kwa misumari michache tu. Ingizeni mtaimbo nyuma ya chuma kimoja, mkandamize. Kwa kawaida mbao huachia kabla ya kufuli. Na kama dirisha liko karibu na halina nondo, pitieni dirishani.

Lakini kama hakuna mtu ndani wala moto, basi unao wakati. Weka mzigo chini. Kuanzia hapa, nguvu si rafiki yako tena.

PILI: KWA NINI KIPANDE HAKITOKI?

Tazama ufunguo wako. Una kichwa unachokishika kwa vidole, una shingo, na una meno. Meno hayo hayakukatwa ovyo. Kila jino na kila bonde kati ya meno lina kipimo chake.

Ndani ya makufuli mengi ya siku hizi mna kipande cha mviringo kinachozunguka. Mafundi hukiita silinda. Katika silinda hiyo mna vijiti vidogo vya chuma au shaba, mara nyingi vitano, navyo huitwa pini. Kila pini imekatwa vipande viwili, na juu yake pana springi inayoisukuma chini. Wazee wengine huiita springi hiyo kamani.

Ukiingiza ufunguo wa kweli, meno yake huinua kila pini kwa kipimo chake. Pale pini ilipokatwa huwa sawasawa na ukingo wa silinda, ndipo silinda huzunguka. Ukiingiza ufunguo wa mwingine, pini moja huzidi au hupungua, nayo huizuia silinda kama komeo.

Akili hii ni ya kale. Wamisri walikuwa na makufuli ya mbao yenye vijiti vya kuanguka maelfu ya miaka iliyopita. Aliyeifanya akili hiyo kuwa kitu kidogo cha chuma, chenye ufunguo bapa wa kutiwa mfukoni, ni Linus Yale wa Marekani. Alipata hati za uvumbuzi wake mwaka 1861 na mwaka 1865.

Sasa shika sana neno hili, kwa kuwa ndilo kiini cha somo. Ufunguo huingia na kutoka pale tu tundu lilipo mahali pake pa kwanza. Ukishauzungusha hata kidogo, pini hunaswa ndani ya mabonde ya ufunguo na kuushika. Ndiyo sababu huwezi kuuchomoa ufunguo mzima ukiwa umeuzungusha nusu. Na kipande kilichovunjika ni vivyo hivyo. Kipande hakikukwama kwa ukaidi. Kimeshikwa kwa sababu tundu haliko mahali pake. Ukivuta kwa nguvu, utavuta mpaka kesho.

TATU: NAMNA YA KUKITOA

Usikichomeke kile kichwa kilichobaki mkononi mwako. Usiingize ufunguo mwingine. Vyote viwili husukuma kipande ndani zaidi. Tena usitie gundi kwenye kijiti ili kukinasa kipande. Gundi itazinasa pini pia, na kufuli litakuwa limekufa.

Fanya hivi, hatua kwa hatua:

1. Mulika tundu kwa tochi. Je, limesimama kama linavyosimama unapoingiza ufunguo? Kama limepinda, ingiza ncha ya bisibisi nyembamba mdomoni mwa tundu tu, ulirudishe polepole mahali pake.

2. Katika hatua hii unaweza kupata bahati. Ikiwa kipande kimekaa pale pale kilipovunjikia, meno yake bado yameinua pini zote. Basi jaribu kuzungusha kwa bisibisi upande wa kufungulia. Huenda mlango ukafunguka. Ukifunguka, lirudishe tundu mahali pake kabla ya kukitoa kipande.

3. Tia tone moja la mafuta mepesi, kama yale ya cherehani. Ngoja dakika 5.

4. Kama kipande kimetokeza nje, kishike kwa koleo yenye mdomo mwembamba. Vuta moja kwa moja kuja kwako. Usipinde kulia wala kushoto.

5. Kama hakikutokeza, na kufuli ni la kuning'inia, lielekeze tundu lake chini. Ligonge taratibu kwa mpini wa mbao. Mara nyingine kipande huteremka chenyewe mpaka koleo ikafika.

6. Kama bado, tafuta kipande cha ule msumeno mwembamba sana ambao maseremala hukatia mapambo. Kiingize kando ya meno ya ufunguo, meno ya msumeno yakielekea kwako kama ndoana. Kizungushe kidogo ili kinase, kisha vuta. Kikiteleza, rudia. Haraka haraka haina baraka.

Vitasa vya zamani vina tundu linalopenya mlango, na pini hizi tulizozitaja hazimo. Kwa hivyo kipande husukumwa kwa waya mgumu kutoka upande wa pili, ikiwa unaweza kufika upande huo.

Ukijaribu mara kadhaa bila kufaulu, acha. Mwite fundi. Fundi mwema atakuuliza kama nyumba ni yako, au atataka jirani akushuhudie. Usimkasirikie. Swali hilo ndilo linaloilinda nyumba yako siku usipokuwapo.

NNE: KWA NINI ULIVUNJIKA?

Ufunguo hauvunjiki kwa siku moja. Funguo nyingi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, nayo ni laini kuliko chuma cha pua. Mtu hufungulia chupa ya soda kwa ufunguo. Hufungulia kopo la rangi. Huuvuta mlango kwa kichwa cha ufunguo, kana kwamba ni mkono wa mlango. Ukipinda, huunyosha kwa meno au kwa jiwe. Kila mara shingo yake hupata ufa mdogo usioonekana. Kisha siku moja huugeuza kama kawaida, nao hukatika.

Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufunguo wenye ufa hauzibwi. Hubadilishwa ungali mzima. Mpelekee fundi achonge mwingine. Mpe ule wa asili kama unao, si ule uliochongwa kwa kuiga mwingine, kwa kuwa kosa la mwigo huigwa pia.

Kufuli nalo lina haki yake. Vumbi na kutu hulifanya zito, nawe huongeza nguvu, na nguvu hiyo huangukia shingo ya ufunguo. Kwa wakaao pwani, hewa ya chumvi huleta kutu upesi zaidi. Usitie mafuta ya kupikia. Hushika vumbi na kuwa kama ulimbo. Kufuli ambalo halijatiwa mafuta lisuguliwe meno ya ufunguo wake kwa ncha ya penseli, kisha ufunguo uingizwe na kutolewa mara chache. Ule unga mweusi wa penseli hulainisha bila kushika vumbi. Lakini kufuli lililokwisha kutiwa mafuta usilitie unga huo. Vikichanganyika huwa tope.

Mwisho, usivitupe vipande viwili vya ufunguo uliovunjika. Vifunge pamoja katika karatasi. Fundi hodari huviunganisha mezani na kuchonga ufunguo mpya kwa kuvitazama. Na ufunguo wa pili wa nyumba yako uwe kwa mtu unayemwamini, ndugu au jirani. Usiuweke chini ya mkeka wa mlangoni, maana hapo mwizi hutazama kwanza.

KAZI YA NYUMBANI

Chukua ufunguo wako uliouweka mezani. Tazama shingo yake kwenye mwanga. Je, umepinda? Je, una mstari mwembamba kama unywele? Ukiuona mstari huo, usilale juu yake. Kesho nenda kwa fundi.

MASWALI

1. Ufunguo ukivunjika, jambo la kwanza la kujiuliza ni lipi?
2. Kwa nini kipande hakitoki kama tundu limepinda?
3. Kwa nini si vyema kutia gundi?
4. Taja mambo mawili yanayodhoofisha shingo ya ufunguo.
5. Andika sentensi tatu kumweleza mtoto wako namna ya kutunza ufunguo wa nyumba.

MANENO YA KUSOMA NA KUANDIKA

kufuli – makufuli
ufunguo – funguo
jino – meno
tundu – matundu
kipande – vipande

Msome vyema. Kwaherini mpaka somo lijalo.