Chupa ya kondoo si ya mtoto



Kiangazi malisho yakikauka, wafugaji wa Kidodi huwapa kondoo wao vitamini. Je, chupa hiyo inaweza kumsaidia mtoto mdhaifu nyumbani? Hapana. Tuone sababu.

Tumbo la kondoo lina vyumba vinne. Katika chumba kikubwa wanaishi vijidudu wanaomtengenezea vitamini za kundi B, mradi malisho yawe na madini ya kutosha. Vitamini C hutengenezwa na ini lake mwenyewe. Sisi binadamu hatuna uwezo huo; lazima tuzipate katika chakula.

Vitamini A ni tofauti. Kondoo huipata katika majani mabichi na kuiweka akiba kwenye ini. Mtoto naye huiweka kwenye ini, lakini akiba hiyo huisha upesi akila ugali mtupu au akiugua surua na kuharisha.

Tena, kumeza si kufaidi. Kondoo mwenye minyoo hata akipewa vitamini hubaki amekonda, na ndani ya kope zake huwa peupe kwa kupungukiwa damu. Ni kama kujaza maji ndoo iliyotoboka. Kwa mtoto ni hivyo hivyo: minyoo humnyang'anya chakula, na ile ya safura humnyonya damu.

Basi, akina baba na akina mama, tufanye haya:

1. Mpelekeni mtoto kliniki apate matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6, tangu miezi 6 hadi miaka 5. Wa miezi 6 hadi 11 hupewa nusu ya kipimo cha mkubwa. Akitimiza mwaka 1 apewe na dawa ya minyoo.

2. Matembele, mchicha na kisamvu viungwe kwa mafuta, karanga au nazi. Bila mafuta, vitamini A haiingii vizuri mwilini. Maembe, mapapai na viazi lishe pia vinafaa.

3. Choo kitumike, mikono inawe kwa sabuni, na mtoto avae viatu.

4. Dawa ya mifugo ifungiwe mbali. Kipimo chake si cha binadamu. Vitamini A ikizidi humdhuru mtoto, na kwa mama mjamzito yaweza kumlemaza aliye tumboni.

Mtoto akianza kujikwaa jioni giza linapoingia, au macho yake yakikauka, msisubiri. Mleteni hospitali siku hiyo hiyo; jicho likishaharibika halirudi.