Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa direkta

Katika mkutano wetu uliopita dada mmoja aliuliza: kama mtoto angali ananyonya, wakubwa wa biro wanaweza kumkataza mama yake kutoka? Muda ulikwisha kabla sijajibu. Naandika hapa, maana jambo hilo lilinipata mimi mwenyewe.

Nilikuwa sekretari katika biro moja ndogo hapa Bukavu. Jina lake nitaliacha. Mlangoni palibandikwa karatasi yenye masharti kumi na manne. La kwanza: kila mtu atie sahihi katika daftari kabla ya saa moja na nusu asubuhi, mwenye kuchelewa anakatwa siku nzima. Sawa. Lakini daftari lilifungiwa ndani, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa direkta, na yeye alifika saa nne. Watu sita tulisimama barazani, mvua ikinyesha, tukimngojea. Akifika anafungua, anatazama saa yake, na sisi sote tumechelewa! Mwezi mmoja nilikatwa siku tano namna hiyo. Leo naweza kucheka. Wakati ule minervali ya mtoto wangu mkubwa ilikuwa haijalipwa.

Kupata karatasi za kuandikia kulihitaji sahihi za watu watatu, na mmoja wao alikuwa amekwisha kuhamia Uvira. Tulijinunulia wenyewe.

Uchungu wenyewe niliuona nilipozaa. Baada ya majuma sita niliambiwa nirudi, la sivyo nafasi yangu itapewa mwingine. Nikarudi. Saa sita mdogo wangu alimleta mtoto kutoka Kadutu, lakini sharti la tisa lilisema watoto wasiingie. Mlinzi alinionea huruma, ila naye alikuwa na watoto wa kulisha. Nilitoka nikamnyonyesha chini ya hema la mama muuza mandazi ng'ambo ya barabara. Jioni nikakuta imeandikwa: «ameacha kazi». Basi nikaanza kukaa ndani, blauzi imelowa maziwa, na mtoto akapewa uji akiwa na miezi mitatu tu. Akaharisha. Kwenye kituo cha afya muuguzi alinigombeza: mpaka miezi sita ni maziwa ya mama peke yake. Nilinyamaza. Ningemwambia nini?

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mzee wa upande wa hesabu. Alikuwa na kitabu cha sheria ya kazi, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, kimechakaa kabisa. Tulisoma pamoja. Mama anayezaa ana haki ya majuma kumi na manne ya kupumzika, na katika muda huo analipwa theluthi mbili za mshahara. Artikle 129 inasema mama anayenyonyesha ana mapumziko mawili kwa siku, kila moja nusu saa, na yanalipwa kama kazi. Hata asiye na kontra iliyoandikwa anaweza kuonyesha kwa njia nyingine kwamba ni mfanyakazi: mashahidi, daftari, barua.

Sikwenda kwa direkta peke yangu. Ningekwenda peke yangu, ningeitwa mkaidi. Tuliandika barua wanawake wanne, kwa upole, tukataja artikle, tukaweka kopi ya kupeleka kwa inspekta wa kazi. Ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri hupita kwanza kwa inspekta huyo ili awapatanishe, kabla ya kufika mbele ya hakimu. Tena nilikuwa na kijitabu changu: tarehe, saa ya mlango kufunguliwa, siku nilizokatwa. Dada uliyeuliza, anza na kijitabu hicho, hata kama bado unaogopa kuandika barua.

Direkta alikasirika juma zima. Alisema tumefundishwa na watu wa nje. Kisha, bila kutuita, akapiga mstari juu ya sharti la tisa, na nusu saa zangu mbili nikazipata. Siku tano nilizokatwa hazikurudishwa mpaka leo. Majuma yangu manane ya konje yalikuwa yamekwisha kupita, na mtoto hakurudia vizuri ziwa.

Mama mzee yule amestaafu. Kitabu aliniachia mimi. Nitakileta kwenye mkutano wa juma hili, mwenye kutaka kopi ya ukurasa wa artikle 129 aje na pesa ya fotokopi. Na barazani pale, nasikia, watu bado wanangojea ufunguo.